Rivyu ya mradi wa utafiti uliokuja Ujiji: nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano

Watu wanaandika rivyu za hoteli, za simu, za saluni, mi leo naandika rivyu ya utafiti, msinishangae. Huku kwetu Kigoma utafiti ni huduma kama zingine tu, unakuja na gari, unakaa miezi, unawatoa watu kwenye shughuli zao, alafu unaondoka, na sijawahi kuona pahala pa kusema ulikuwa mzuri au mbovu. Hotelini ukikuta shuka chafu unasema. Mtafiti akimkalisha bibi yako masaa matatu kwenye mkeka bila hata glasi ya maji unamsemea wapi?

Mi mtoto wa Ujiji, nina diploma ya maendeleo ya jamii, ajira naisubiri mpaka leo, na katika hiyo kusubiri nimebeba rekoda za watafiti kwenye miradi mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa samaki, wa pili wa maji na kipindupindu, wa tatu ndo huu, wa utamaduni, siasa na maisha ya jamii. Chuo gani na watu gani sitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Na nisiwafiche, nililipwa, kwa hiyo mkiona nasifia sana mnishtue.

Sasa mjue Ujiji kuandikwa hatujaanza jana. Wazungu wapelelezi Burton na Speke wamefika hapa Februari 1858. Stanley kaja 1871, kamkuta Livingstone, karudi kwao kaandika kitabu kikauzika, sisi tukabaki na mnara, miembe na zile sanamu mbili za wazungu wanasalimiana. Mrejesho hakuna. 1960 akaja Jane Goodall kule Gombe, na mpaka leo mzungu akipita mtaani na daftari watoto wanajua ni wa sokwe. Alafu kuna habari ya wakimbizi, hiyo ndo inawaleta wengi. Mkuu wa mradi wetu, mama mmoja mtu mzima, alinipa stori tukiwa kwenye bajaji, kwamba kuna mwanaanthropolojia anaitwa Liisa Malkki alikuja huku 1985 akalinganisha Warundi waliokimbia 1972, wale waliowekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo na wale waliojipenyeza hapa Kigoma mjini. Akakuta wa Mishamo historia yao wanayo mdomoni muda wote, sisi ni Wahutu, tulifukuzwa, tutarudi. Wa mjini wamejichanganya, huyu kaoa hapa, yule anajiita hivi leo na vile kesho, wengi hata hilo jina la mkimbizi hawalitaki. Nikamwambia yule mama, huo kwako ni utafiti, kwangu mimi ni majirani, nimekua nao, nimecheza nao chandimu. Akacheka, ila nikaona kalitoa daftari.

Hapo nikaanza kumuelewa. Maana wa samaki nilikaa nao miezi mitano na hakuna siku waliandika kitu nilichosema mimi.

Tuje kwenye mapokezi. Mtafiti wa nje lazima apate kibali COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, hiyo ni sheria, kisha barua inaanza kushuka, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, Manispaa, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, na kila meza inalala kwanza. Wiki ya tatu ndo tumefika kwa mwenyekiti. Mzee kavaa miwani, anasoma kichwa cha barua anafuatisha na kidole, alipofika kwenye neno siasa kidole kikasimama.

"Siasa ipi hii?"

Tukamweleza kwamba mzee, siasa kwa maana pana, watu wanavyoamua mambo yao, nani anasikilizwa, nani hasikilizwi. Akatuangalia. "Wanangu, mtaani kwangu hakuna siasa, kuna amani tu." Akagonga muhuri, akaita kahawa, na baada ya kikombe cha pili akatueleza saa nzima na nusu nani alimzunguka kwenye kura za maoni, nani alihongwa kwa mbuzi wa Idi, na kwa nini bomba limepita mtaa wa pili badala ya wake. Rekoda ipo kwenye begi imezimwa. Yale mazungumzo ndo yalikuwa bora kuliko yote ya mwezi wa kwanza na hayapo popote, kibali kilikuwa hakijakamilika.

Dodoso sasa. Hapa nilitaka kukata nyota moja. Lilikuwa na maswali 64, limeandikwa Kizungu huko linakotoka kisha mtu akalitafsiri akiwa ofisini, na unaona kabisa huyo mtu hajawahi kukaa barazani. Swali la 11 lilikuwa "Je, unauonaje ushiriki wako katika nafasi za umma?" Nimemuuliza fundi baiskeli mmoja pale karibu na sokoni, akaacha spoku akanyanyuka, "Nafasi zimetangazwa lini?" Mtu anataka kwenda kumwamsha kijana wake aandike barua ya maombi jamani. Lingine lilikuwa utambulisho wako wa kitamaduni unaathiri maamuzi yako ya kisiasa kwa kiwango gani, chagua moja mpaka tano. Bibi mmoja akaniambia "weka tano mjukuu wangu, tano si ndo nyingi?" Nikaweka tano. Hiyo ndo data mnayoisoma kwenye majedwali.

Siku ya nne jioni yule mama mkuu wa mradi, sio wa kuchekacheka ovyo, kakusanya madodoso yote akayafunga kwenye boksi la sabuni akasema haya tunayaacha. Wenzake walinuna, maana fedha ilishatumika kuchapa. Akauliza sisi wasaidizi, mngekuwa nyinyi mngeanzia wapi? Kiukweli mradi mwingine wowote sijawahi kuulizwa hilo swali. Tulikuwa wanne, tukaangaliana, yule dada wa Gungu akajibu kwa sauti ya chini, tuanzie kwenye daftari la kuzikana.

Na hapo ndo utafiti ulianza.

Kwa asiyeelewa, mitaa yetu mingi ina chama cha kufa na kuzikana. Mchango mdogo wa kila mwezi, turubai moja, viti, masufuria makubwa, na daftari. Ukifiwa, chama kinashuka, sanda, wachimbaji, chai, unga, kila kitu. Mtu asiyekuwemo anazikwa pia, hatujafika huko, ila anazikwa kwa kuombaomba na hiyo aibu inabaki kwa familia. Kwa hiyo daftari ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nani kaandikwa kwa jina lake na nani kaandikwa "mke wa fulani". Mjane akibaki, jina linahamia kwake au kwa kijana wake wa kiume? Wapangaji wanaingia baada ya muda gani? Ile familia iliyotoka Kongo miaka ishirini iliyopita, mchango wanatoa kila mwezi, mbona wapo kwenye karatasi ya nyuma na sio kwenye daftari lenyewe? Tuliuliza hayo tu, hakuna kiwango cha moja mpaka tano, na watu walifunguka mpaka tukaishiwa betri. Mama mmoja alilia. Mzee mmoja katibu wa chama alikasirika akatufukuza, wiki moja mbele katuita mwenyewe na daftari la mwaka 1987 kalifunga kwenye kanga, anataka tuone kwamba zamani ile karatasi ya nyuma haikuwepo.

Na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulitukuta humo humo ndani. Mgombea akitaka kura haanzii mkutanoni, anaanzia msibani, anabeba jeneza, anaosha sufuria kabisa huku watu wanamuona. Na katibu wa kuzikana, yule yule aliyetufukuza, hagombei chochote, hana kadi anayoionesha, ila kila mgombea alipita kwake usiku kuamkia shikamoo. Sasa ukija na dodoso lako la nafasi za umma huyo mzee unampata wapi?

Upande wa utamaduni nako walinishangaza. Mi nilijua wataishia kupiga picha ngoma na kuuliza maana ya kanga. Ila yule mama alikuwa na habari za beni, ngoma ya kiasikari ile, watu wanavaa kama wanajeshi, wana vyeo, wana kingi wao, na wanatukanana kwa nyimbo na kundi pinzani. Kasema kuna mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia na 1975 akatoa kazi yake, jinsi ilivyotoka pwani ikasambaa bara kipindi cha vita ya kwanza, kundi la marini upande huu, la arinoti upande ule, na wakoloni wakawa wanaihofia kwamba ndani yake kuna njama. Nikamsimulia mzee mmoja wa mtaani kwetu, umri themanini na kitu, nikidhani namfundisha. Akaniambia "baba yangu alikuwa na cheo humo, kofia yake ilikaa juu ya kabati mpaka panya walipoimaliza". Alafu akaniimbia. Mzee ambaye mi namjua kwa kunikaripia nisipite na pikipiki karibu na msikiti, anaimba wimbo wa kejeli kuhusu karani fulani aliyekula hela za chama, anapiga meza kwa vidole. Aisee nilisisimka.

Sasa hapa niingize jambo langu binafsi, maana ndo linafanya hii rivyu isiwe ya kubembeleza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa lelemama, ile ngoma ya akina mama. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mi nipo shule ya msingi, alikuja mtafiti, sijui wa wapi, na redio kaseti kubwa, akamrekodi bibi jioni mbili. Bibi alivaa doti mpya. Aliimba mpaka akakohoa. Yule mtu kaondoka, kaahidi ataleta kaseti. Kila gari geni likipita bibi anauliza, "sio yule wa kaseti?" Amefariki 2009, kaseti haijaja, na sauti yake sisi hatuna, yaani ipo kwenye kabati la mtu nchi ya watu, ina namba badala ya jina. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye huu mradi sharti langu lilikuwa moja, chochote tunachorekodi kirudi. Wakasema kitarudi. Nikasema haya, tutaona, wote huwa mnasema hivyo.

Yule mama nilipomwambia habari ya bibi alinieleza kuna Mmarekani anaitwa Susan Geiger alikaa na akina mama wa TANU, akiwemo Bibi Titi Mohamed mwenyewe, akachukua maisha yao kwa midomo yao, kitabu kikatoka 1997, na humo inaonekana wazi vikundi vya ngoma vya akina mama ndo viliibeba TANU mitaani Dar. Bibi Titi kabla ya jukwaa la siasa alikuwa mwimbaji kiongozi kwenye ngoma yake. Nikawaza, sisi shuleni tulifundishwa TANU imezaliwa 7 Julai 1954 na orodha ya wanaume kumi na saba. Hakuna mwalimu aliyetuambia ngoma zilifanya kazi gani, na mi nimelala chumba kimoja na mtu ambaye angeweza kunieleza.

Ridhaa. Fomu kurasa tatu, ulinzi wa taarifa, haki ya kujitoa, mambo ya maana kabisa, ila mwisho kuna sehemu ya sahihi au dole gumba. Kuna bibi kule Kitongoni aliusogeza ule wino pembeni taratibu. "Mara ya mwisho kuweka dole kwenye karatasi ya wageni tulipoteza kiwanja." Timu ikabadilisha, wakaomba ruhusa ya mdomo wakairekodi. Hiyo ni heshima, naandika hapa ili wengine mjue inawezekana.

Kibirizi tuliboronga. Tulienda kwa akina mama wa dagaa na maswali yetu ya utamaduni, wao wana hasira bado, maana mwaka ule ule ziwa lilikuwa limefungwa uvuvi tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, miezi mitatu chanja za kuanikia dagaa tupu. Mmoja katuambia, wa kwanza wamekuja kwa ajili ya samaki, wa pili kipindupindu, nyie mmekuja kwa ajili ya ngoma, lini mtakuja kwa ajili yetu? Na mi nilikuwemo kwenye zote tatu, niliangalia chini. Hilo jibu walilipata watu wa TACARE zamani, ule mradi wa Taasisi ya Jane Goodall ulioanza 1994 vijijini huku, walikuja na habari ya kupanda miti kuokoa msitu wa sokwe, wanakijiji wakawaambia sisi shida zetu maji, zahanati, shule, ikabidi wageuze mradi. Sisi hatukugeuza. Tulikula mgebuka wa kukaanga kwa ugali wa muhogo, tukaaga, tukarudi Ujiji kwenye daftari letu. Nyota nusu nimeikata hapo.

Malipo. Waliohojiwa walipewa nauli elfu kumi na soda, sio mbaya, ila ilileta maneno, kuna mzee kahojiwa mara tatu kwa majina mawili na nilimjua nikanyamaza, ana wajukuu wengi. Sisi wasaidizi posho ya kila siku ilikuwa inaingia. Tatizo lilikuwa kutranskraibu, yaani unasikiliza rekodi unaandika neno kwa neno. Saa moja ya sauti ni masaa sita ya kuandika, na ikiwa wazee watatu wanaongea kwa pamoja, mmoja anachanganya Kiha, redio inalia na mwadhini anaadhini, fanya nane. Tulilipwa kwa saa ya sauti, si kwa saa ya mgongo wangu. Na ya mwisho ilichelewa miezi miwili unusu, nikipiga simu naambiwa ipo kwenye mchakato. Hili neno mchakato lifutwe. Hapa nimekata nyota nzima.

Haya, mrejesho. Nilikuwa nimeshakata tamaa, ila Septemba 2025 nikapigiwa, wanakuja. Na walikuja. Waliomba uwanja wa shule, chini ya mwembe, wakaleta kijitabu cha kurasa 32 cha Kiswahili, Kiswahili cha watu sio cha lile dodoso, nakala kama mia mbili hivi. Wakapiga zile sauti kwenye spika. Mzee wa kofia alijisikia akiimba, watu wakapiga vigelegele, yeye katulia kimya kaangalia fimbo yake. Kisha wakaacha maikrofoni kwa wananchi, na hapo ndo mambo. Katibu wa kuzikana alisimama na kijitabu kakikunja masikio kila ukurasa, akawasahihisha kuanzia jina la mtaa mpaka mwaka wa chama kuanzishwa, ukurasa wa 19 picha imeandikwa maulidi kumbe ni arusi, akina mama wakaangua kicheko. Yule mkuu wa mradi hakubisha. Aliandika yote, kijana wake alitaka kujieleza akamzuia na mkono. Kuna mama wa ile familia ya karatasi ya nyuma naye alisimama, akauliza kwa upole tu, sasa imeshaandikwa kwenye kitabu kwamba tupo nyuma, tunabaki nyuma? Pakawa kimya pale. Katibu akasema litajadiliwa kikao kijacho cha chama. Limejadiliwa mara mbili mpaka leo, nasikia la tatu litapita, sina uhakika.

Kasoro, flashi. Mtaa uliachiwa flashi moja yenye rekodi zote za walioruhusu. Iko kwa mwenyekiti, kwenye droo, na ofisi haina kompyuta. Nilipoikopa nikaiweka kwenye laptopu ya rafiki yangu nikakuta mafaili 41, sita hayafunguki, na majina yake yote ni namba, UJ07, UJ08, mtu wa kawaida hajui babu yake ni namba ngapi. Nilikaa wikendi mbili nikayapa majina mwenyewe, bure, nikawarushia watu WhatsApp zile fupi fupi. Siku tatu simu yangu haikupumua. Kijana mmoja yuko Mpanda kanipigia saa tano usiku, kasikia sauti ya mama yake aliyefariki Januari.

Kijitabu utakikuta kwenye baraza ya kahawa karibu na sokoni, ukurasa wa 19 umekatwa na mhusika wa ile arusi kaenda nao nyumbani.

Kwa hiyo mtafiti unayesoma hapa na unajipanga kuja Ujiji, njoo, shikamoo zako uwe nazo za kutosha, dodoso acha huko huko, maji ya kunywa beba ya watu wote. Mi nipo. Ila hela ya kutranskraibu nataka nusu kabla sijavaa hedifoni.